Majina ya Mtu Anayejifunza Kazi

Hotuba ya mfasiri wa Serikali kwa wazee, akina mama na vijana wa Biliqo, Isiolo



Nimeombwa niseme machache juu ya vijana wanaotoka hapa kwenda Merti, Isiolo na hata Nairobi kujifunza kazi za mikono. Mimi si fundi wa chuma wala wa mbao. Kazi yangu ni kufasiri, yaani kupima maneno, na kwa hiyo nitasema juu ya maneno. Jambo nitakalo mlishike ni moja: jina apewalo mtu anayejifunza kazi huonyesha deni analodaiwa yule aliyemchukua. Jina likikosewa, deni nalo husahauliwa.

Ninyi wenyewe mwalijua jambo hili tangu zamani. Mtoto wa mfugaji hakabidhiwi ng'ombe siku ya kwanza. Huanza na wanakondoo na wanambuzi karibu na nyumba, kisha hupewa ndama, kisha huenda malishoni na mifugo ya warra, ile ya maziwa ilalayo nyumbani. Akisha kukomaa ndipo atumwapo fora, mbali, kukaa na mifugo siku nyingi akitafuta majani na maji. Katika kila hatua yuko mkubwa amwonyeshaye jinsi nyayo zisomwavyo na jinsi mnyama mgonjwa ajulikanavyo. Mtoto huyo hufanya kazi, tena kazi ngumu, lakini hapana mtu asemaye kwamba ameajiriwa. Anafunzwa, na wote wajua kwamba siku moja atakuwa na mifugo yake mwenyewe.

Sasa tukitazame Kiswahili. Neno lililo wazi kuliko yote ni mwanafunzi. Ndani yake mna mwana, na mna kufunza. Wengi hudhani kwamba ni neno la shule tu, lakini kijana aketiye kwa seremala akimshikia ubao naye ni mwanafunzi. Neno la kazi hasa ni mwanagenzi, maana yake mtu aliye mgeni katika kazi, aliyewekwa chini ya fundi ili aijue. Sikilizeni mwisho wa neno hilo, genzi, nanyi mtausikia tena katika neno mkurugenzi. Aliye mlangoni na aliye juu ya kiti kikubwa wana sauti moja katika majina yao.

Yako maneno mawili yanayowachanganya hata makarani. Mkufunzi ni yule afundishaye. Mkurufunzi ni yule afundishwaye. Tena liko neno kurutu, lililotoka katika Kiingereza, nalo ni jina la askari mgeni. Kurutu hukimbizwa na kukemewa, lakini akimaliza mafunzo yake jina hilo humtoka siku ile ile. Hiyo ndiyo alama ya jina jema la mtu anayejifunza: lina mwisho.

Lakini yako majina yasiyo na mwisho. Kibarua ni neno lililotoka katika barua, yaani cheti kidogo cha mtu wa kazi ya siku. Jioni hulipwa, na hesabu imekwisha. Si aibu kuwa kibarua, ila aliyemwajiri hadaiwi kumfundisha neno lolote. Mahali pa kujenga nyumba yuko saidia fundi, achanganyaye mchanga na saruji na kumpelekea mwashi mawe. Mmoja hutazama kwa makini, na baada ya miaka miwili aweza kujenga ukuta. Mwingine hubeba karai miaka kumi, kwa sababu hapana aliyempa mwiko wa mwashi ajaribu. Katika lori yuko taniboi, ambaye Watanzania humwita utingo. Hupakia, hushusha, na huweka jiwe nyuma ya gurudumu gari likisimama mlimani. Nusu ya jina lake ni boi, maana yake mvulana, na wako wanaoitwa hivyo hali wana mvi.

Neno laweza pia kuanguka. Chokoraa, katika kamusi za zamani, alikuwa mtumishi mdogo wa jikoni, mwenye nyumba ya kulala na mkubwa wa kumfuata. Leo mijini Kenya ni mtoto wa barabarani asiye na mtu.

Wazee wa pwani husema, "Mwana wa mhunzi asiposana huvukuta." Kusana ni kufua chuma kwa nyundo; kuvukuta ni kuupuliza moto kwa mivuo. Kijana asiyeweza bado nyundo hupewa mivuo. Lakini mivuo yake i karibu na moto, naye huona rangi ya chuma na husikia mapigo ya fundi. Asipopewa nyundo siku zote za maisha yake, huyo si mwana wa mhunzi tena, ni mtu wa upepo tu.

Sheria nayo hupima maneno haya. Sheria ya Mafunzo ya Viwandani, Sura ya 237 ya Sheria za Kenya, yataka mwanagenzi awe na mapatano ya maandishi, yanayowafunga wote wawili: kijana kutumika, na mwajiri kumfundisha. Aliye na ujuzi aweza kufanya mtihani wa Serikali wa ufundi, kuanzia daraja la 3 hadi la 1.

Jina jema nalo laweza kutumiwa vibaya. Mwaka 2023 walimu waliokwisha kuhitimu na kusajiliwa waliajiriwa katika shule za sekondari ya msingi kwa jina la wanagenzi, kwa Shilingi 20,000 kwa mwezi. Jambo hilo likapelekwa mahakamani. Mwezi wa Aprili 2024 Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi iliamua kwamba haikuwa halali kuwaajiri hivyo watu waliokwisha kuhitimu. Tume ya Kuwaajiri Walimu ikakata rufani, lakini swali lile latufaa sote: kama mtu amekwisha kuhitimu, je, uanagenzi wake ni wa kujifunza nini?

Basi, mzazi umpelekapo mwanao kwa fundi, uliza mambo matatu kabla hujarudi nyumbani. Ataitwa nani hapa? Nani atamfundisha, na kazi gani? Na jina hilo litamtoka lini? Akijibiwa kwamba ni kibarua, na iwe hivyo, alipwe ujira wake kila jioni bila kupunguzwa. Akijibiwa kwamba ni mwanagenzi, mwambie fundi ayaandike, kisha ayasome mbele yako.

Nanyi mafundi mliopo hapa, mwiteni kijana kwa jina lake alilopewa na babaye, na nyundo mpeni mapema.