Pensheni ndogo ya jimbo tulilohama: kodi ni ya nani?



Wengi wetu tuliorudi tulitumika Marekani miaka mingi, kwenye viwanda vya nyama, maghala na hospitali. Leo tuko huku, lakini feza kidogo ya uzeeni bado inatufuata. Hata ikiwa dola 80 kwa mwezi, ndiyo dawa ya presha. Kisha barua inafika: jimbo tulilohama linauliza kodi. Tunalipa?

Kama wewe si mukaaji wa jimbo lile tena, hapana. Sheria ya Marekani nzima ya 1996, namba 104-95, inakataza jimbo kutoza kodi ya mapato juu ya pensheni ya mtu asiye na makao yake mule. Inagusa pensheni za kampuni na za serikali, pia akiba kama 401(k) na IRA. Jasho lilitoka kule, ndiyo, lakini sheria inaangalia unakaa wapi sasa.

Tuchunge mambo matatu.

Kwanza, makao. Kupanda ndege peke yake hakutoshi. Ukiacha kule nyumba, leseni ya gari na jina kwenye daftari la kura, jimbo linaweza kusema: huyu angali wetu. Wale waliotoka Kentucky wakahamia Texas mbele ya kurudi, waweke vizuri karatasi za Texas, maana Texas haina kodi ya mapato.

Pili, karatasi ya 1099-R inayokuja kila mwanzo wa mwaka. Angalia kisanduku cha 14. Kukiwa na namba, jimbo limekwisha kukatiwa. Feza hiyo hairudi yenyewe. Jaza fomu ya jimbo ya mtu asiye mukaaji, uombe irudishwe. Kisha andikia wanaokulipa, uwape adresi ya huku, waache kukata.

Tatu, tusichanganye kodi ya jimbo na ya Marekani nzima. Raia na mwenye green card, hata akiwa huku, IRS bado inamuhesabu.

Kwa hiyo barua ikija, usiitupe, wala usilipe kwa woga. Ilete kwenye mukutano pamoja na 1099-R yako, tuisome pamoja. Feza ya wazee wetu isipotee kwa kukosa msomaji.