Siku Mbili za Maombi pale Namirembe

Msikilizaji, makanisa ya mtaa mmoja yanapokubaliana kuomba pamoja, mara nyingi swali la kwanza huwa nani atahubiri. Mwaka 1929, pale Namirembe, Kampala, hapakuwa na jukwaa la kugombea. Joe Church, daktari Mwingereza aliyechoshwa na kazi ya hospitali ya Gahini, Rwanda, aliketi na Simeoni Nsibambi, Mganda, wakasoma Biblia na kuomba kwa siku mbili. Miaka michache baadaye uamsho uliwaka Gahini, ukaenea Uganda, Burundi, Kenya na Tanganyika, ukawakutanisha Waanglikana, Wapresibiteri na Walutheri.

Majirani waliutambua uamsho huo kwa matendo. Watu waliungama hadharani, wakarudisha mali waliyoiba. Mmisionari na mwanakijiji wakaitana ndugu, jambo zito sana katika siku zile za ukoloni. Kwangu mimi, hilo lina uzito zaidi kuliko vipaza sauti vya mkesha wowote.

Wachungaji wetu, kabla ya kukodi uwanja, ketini kwanza wawili wawili. Aliyemkosea mwenzake kwa kugombania waumini au kiwanja, aanze yeye kuomba radhi.