Usalama wa Wanachama na Mipaka ya Katibu

(Maneno ya mazungumzo yaliyotolewa mbele ya makatibu wa vyama vya msingi katika semina ya elimu ya ushirika)



Nimeombwa kuzungumza juu ya jambo ambalo halimo katika vitabu vyetu vya hesabu, wala katika masharti ya vyama vyetu vingi, lakini ambalo siku hizi huweza kula saa nyingi za katibu kuliko daftari la mazao. Jambo hilo ni uangalizi wa kundi la wanachama katika simu, yaani lile kundi la WhatsApp.

Zamani tangazo la chama lilibandikwa ubaoni penye ghala. Mwenye swali alingoja siku ya kupima mazao au siku ya mkutano. Ofisi ilifungwa, na katibu akarudi nyumbani kuwa mzazi na jirani kama watu wengine. Leo ubao ule umo mfukoni mwake, haufungwi, na kila mwanachama huandika juu yake usiku na mchana. Faida yake hatuikatai: bei ya mnada hufika kijijini siku ile ile, na mwanachama aliye mbali husikia habari za chama chake. Lakini mlango usiofungwa humwingiza mgeni, na humwingiza mwizi pia.

Niruhusuni nieleze habari za chama kimoja ambacho sitakitaja jina. Katibu wake, mama mchapakazi, ndiye aliyeunda kundi hilo kwa simu yake mwenyewe, na ndiye peke yake aliyekuwa na mamlaka ya kuliongoza. Msimu wa malipo ulipofika, alipigiwa simu saa tano usiku kuulizwa makato, na alfajiri kuulizwa pembejeo. Aliyejibiwa kwa kuchelewa alimwandikia maneno makali mbele ya wote. Mama yule, ili apate usingizi, akaanza kuizima simu kila jioni. Usiku mmoja mtu asiyejulikana, aliyeweka picha ya mwenyekiti kwenye namba yake, aliandika kwamba malipo yako tayari, ila kila mkulima atume kwanza ada ndogo ya kufungulia fedha. Kulipopambazuka wanachama watatu walikuwa wamekwisha kutuma. Katika mkutano lawama zote zilimwangukia katibu: kwa nini alizima simu?

Ndugu Wanaushirika, mimi nasema kosa halikuwa kuzima simu. Binadamu hulala. Kosa ni kwamba ulinzi wa watu wote uliwekwa mikononi mwa mtu mmoja, na kwamba hapakuwa na njia ya kupambanua swali la makato, linaloweza kungoja asubuhi, na hatari isiyoweza kungoja hata robo saa. Yote yalipita katika mlango mmoja, na katibu alipoufunga ili apumzike, hatari nayo ilikosa mtu wa kuikabili. Waswahili husema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Sisi tuliokaa upande wa kuuliza tuliuona mzigo wa mama yule kuwa mwepesi kwa sababu hatukuubeba.

Tusidhani jambo hili ni la vijijini tu. Jijini Nairobi walikuwapo wafanyakazi ambao kazi yao ilikuwa kuchuja maandishi na picha za Facebook, ili watumiaji wengine wasikutane na mauaji na ukatili. Mwaka 2023 wafanyakazi 184 walifungua shauri mahakamani, na Desemba 2024 iliripotiwa kwamba zaidi ya 140 miongoni mwa wenzao walichunguzwa na daktari na kukutwa na maradhi ya akili yatokanayo na kiwewe. Watu hao walikuwa ngao ya wengine, lakini ngao yenyewe haikuwa na wa kuikinga. Katibu wetu hapati mizigo ya kiasi hicho. Hata hivyo funzo ni lile lile: anayepokea sumu ya wengine bila kikomo, mwisho huugua au huacha, na hapo wale aliokuwa akiwalinda hubaki wazi.

Basi tufanye nini? Napendekeza mambo matano, nayo yapitishwe na mkutano wa wanachama ili yasiwe amri ya katibu.

Kwanza, kundi lisiwe la mtu mmoja. Wateuliwe waangalizi watatu au wanne, wanawake na wanaume, washike zamu. Chama kiwe na simu yake na namba yake, ikae na mwenye zamu, ili simu ya katibu ibaki simu ya katibu.

Pili, saa zitangazwe. Maswali ya kawaida yajibiwe saa za kazi tu. Hatari, kama vile ujumbe wa utapeli, vitisho, au mtu aliye taabani, apigiwe mwenye zamu wakati wowote. Kwa mpango wa zamu, mipaka ya mtu mmoja haiwi pengo katika usalama wa wote. Wapo watakaonung'unika. Lakini mchelea mwana kulia hulia yeye.

Tatu, mlango uwe na bawabu. Simu hizi huruhusu kiongozi wa kundi kumkubali mwanachama mpya kabla hajaingia, kuufuta ujumbe mbaya usionekane kwa wote, na kuufunga uwanja usiku ili viongozi pekee waweze kuandika. Kundi lililo na utaratibu huo lingemzuia yule tapeli, au lingepunguza madhara yake. Pia itangazwe mara kwa mara kwamba chama hakidai ada ya kufungulia malipo, wala hakiulizi namba ya siri ya mtu yeyote.

Nne, siri za wanachama zihifadhiwe. Anayeingia katika kundi kwa kawaida huonekana namba yake kwa wote, na wako wanaoitumia vibaya. Mwanamke akimjia mwangalizi na kusema kwamba mwenzake katika kundi anamtumia maneno machafu usiku, asiambiwe amzuie tu na kunyamaza. Asikilizwe, aulizwe anataka nini kifanyike, ushahidi uhifadhiwe, wala jina lake lisitajwe kundini. Lakini mwangalizi asiahidi siri asiyoweza kuitunza: panapo hatari ya uhai, hapana budi wahusika waambiwe. Wala asijifanye polisi au daktari. Kazi yake ni kumfikisha mtu panapostahili, kama vile dawati la jinsia na watoto la polisi. Vile vile orodha za madeni na namba za akaunti zisitumwe kundini. Hapa Tanzania tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, nayo ni vema kila katibu aisome.

Tano, nalo ndilo zito kuliko yote: mamlaka ya kufuta na kutoa watu yasigeuzwe rungu. Misingi ya ushirika iliyokubaliwa na vyama vya dunia mjini Manchester mwaka 1995 inasema kwamba chama husimamiwa na wanachama wenyewe kwa njia ya kidemokrasia. Mwanachama anayeuliza fedha za makato zimekwenda wapi si mchochezi, hata akiuliza kwa ukali. Ajibiwe kwa hesabu. Anayetukana wazazi wa mwenzake au kumtishia, huyo aonywe, na akirudia atolewe kwa muda. Kila anayetolewa aandikwe katika daftari pamoja na sababu, na awe na haki ya kulalamika mbele ya kamati. Bila daftari hilo, mwangalizi atashukiwa hata pale alipotenda haki.

Ndugu Makatibu, nimalizie kwa yule mama. Baada ya mkutano ule alitaka kujiuzulu. Wanachama walimwomba abaki, naye alikubali kwa sharti moja, kwamba zamu zigawanywe. Sasa huzima simu yake saa mbili usiku, na ya chama huwa mikononi mwa mwingine. Msimu uliofuata ujumbe wa utapeli uliingia tena usiku. Mwenye zamu aliufuta, akawaonya wanachama, na mama yule aliipata habari hiyo asubuhi, akiwa amelala vya kutosha.

Huo ndio ushirika. Tuliungana katika kuuza mazao kwa sababu mkulima mmoja peke yake hawezi kushindana na soko. Hali kadhalika, mtu mmoja peke yake hawezi kukesha kwa ajili ya wote. Rudini vyamani, mlipeleke jambo hili katika mkutano ujao, kabla msimu wa malipo haujaanza.