Klachi inapolia: sauti ya kawaida na sauti ya hatari katika pikipiki ya mbio

Makala hii inahusu pikipiki zenye nguvu na kasi kubwa, ambazo wengi huziita pikipiki za mbio, na hasa kelele zitokazo kwenye klachi na kwenye sanduku la gia, ambalo mafundi huliita giaboksi.

Anayenunua pikipiki ya aina hiyo ikiwa imekwisha kutumika, awe Muscat, Dubai, London au Nairobi, hachelewi kukutana na swali moja: je, sauti hii ni tabia ya mashine yenyewe, au ni dalili ya ubovu? Jibu likikosewa, hasara yaweza kuja kwa njia mbili. Mwenye kuogopa bure humlipa fundi aifungue injini nzima, kumbe haina kasoro. Mwenye kupuuza huendelea kukimbia barabarani juu ya mashine ambayo siku moja inaweza kulifunga gurudumu lake la nyuma ghafla.

Mfano mzuri wa sauti inayotisha bila sababu hutoka Italia. Mwaka 1994 kampuni ya Ducati, yenye makao yake mjini Bologna, ilianza kuuza pikipiki ya 916 iliyosanifiwa na Massimo Tamburini. Mwaka huo huo Muingereza Carl Fogarty aliitumia kutwaa ubingwa wa dunia wa mbio za Superbike. Pikipiki hiyo ina klachi kavu, yaani klachi isiyoogelea katika oili. Mwendeshaji wake akisimama kwenye taa za barabarani na kuubana mkono wa klachi, husikika mlio mkali wa vyuma vinavyogongana, mithili ya vijiko vinavyotikiswa ndani ya sufuria. Akiwa nyutro, yaani pasipo gia yoyote kushika, na akauachia mkono huo, mlio hupungua sana.

Asiyeijua mashine hiyo hudhani kuna kitu kimekatika, lakini sivyo. Klachi ni sahani kadhaa zilizopangwa moja juu ya nyingine ndani ya bakuli la metali linalozungushwa na injini. Baadhi ya sahani hizo zina ndimi pembeni, na ndimi hizo huingia katika mifereji ya bakuli. Mkono ukiachiwa, springi huzikandamiza sahani zote zikawa kitu kimoja. Mkono ukibanwa, sahani hulegea na ndimi hupigapiga kuta za mifereji. Kwa kuwa hakuna oili ya kuupoza mgongano huo, sauti husikika waziwazi.

Pikipiki nyingi za mbio zitokazo Japani, za Honda, Yamaha, Suzuki na Kawasaki, zina klachi ya majimaji, yaani iliyozama katika oili ile ile ya injini. Ducati nayo iliingia katika mkondo huo kwa pikipiki zake kadhaa, ikiwamo 848 iliyotangazwa mwaka 2007. Klachi ya namna hii ina desturi iliyo kinyume na ile kavu. Injini ikiwa nyutro na mkono umeachiwa, huenda ikasikika ngurumo ndogo ya kugongagonga, nayo hutoweka mkono unapobanwa. Kwa hiyo ukimya ambao kwa mwenye klachi kavu huja anapouachia mkono, kwa mwenye klachi ya majimaji huja anapoubana.

Hapo ndipo penye jambo la msingi, wasikilizaji. Kelele peke yake haitoshi kuwa ushahidi. Linaloipa kelele maana ni wakati inapotokea: mkono umebanwa au umeachiwa, gia imeingia au haijaingia, pikipiki inavuta au inapunguza mwendo.

Kuelewa sababu si vigumu. Nguvu hutoka kwenye injini, hupita katika klachi, na kutoka hapo huingia kwenye shafti ya kwanza ya giaboksi. Shafti hiyo huipasia ya pili, na ya pili huuzungusha mnyororo unaoliendesha gurudumu la nyuma. Pikipiki ikiwa nyutro na mkono umeachiwa, shafti ya kwanza huzunguka pamoja na injini. Mkono ukibanwa, shafti hiyo huachwa peke yake na hupungua mwendo. Basi kelele inayozimika kwa kubana mkono hutoka ama kwenye sahani na bakuli la klachi, ama kwenye beringi na meno ya giaboksi. Kelele inayozuka wakati wa kubana, katika klachi ya majimaji, huelekeza kidole kwenye beringi ndogo inayobeba mzigo wa kuzisukuma sahani ziachane. Na kelele isiyojali kabisa mkono uko vipi, huenda inatoka kwenye injini yenyewe.

Jaribio hili lifanywe mahali pa wazi, kamwe si ndani ya banda lililofungwa, kwani moshi wa injini una gesi ya sumu isiyo na harufu. Injini iwe imekwisha kupata moto, maana oili baridi ni nzito na huzigandisha sahani. Mwendeshaji aubane mkono na kuuachia polepole mara kadhaa, akisikiliza. Ikiwa ni klachi kavu yenye kifuniko kilichotobolewa ili ipate hewa, vidole na ncha ya kanzu vikae mbali, kwa sababu sehemu zinazozunguka mle hazimsamehi mtu.

Ngurumo ndogo ya klachi ya majimaji ina sababu nyingine ambayo mara nyingi husahauliwa. Nyuma ya bakuli la klachi huwa na springi fupi za kupunguza mishtuko ya injini. Injini yenye silinda nne ikiwa haijasawazishwa, silinda moja ikivuta zaidi ya nyingine, mzunguko wake huwa wa kushtukashtuka, na bakuli hugongagonga kwa sababu hiyo. Fundi mwenye busara huanza kwa kusawazisha mwendo wa injini kabla ya kuitia lawamani klachi. Springi hizo zikiwa zimelegea kwelikweli, kelele hubaki hata baada ya kusawazisha, nayo huzidi kadiri siku zinavyopita.

Katika giaboksi pia kuna sauti za kawaida. Mgongo mmoja wa chuma gia ya kwanza inapoingia asubuhi, mashine ikiwa baridi, si ajabu. Mluzi mwembamba katika gia za chini, unaopanda na kushuka pamoja na mwendo, nao ni wa kawaida, kwa sababu meno ya gia hizo yamekatwa yakiwa yamenyooka, na meno yaliyonyooka hulia kuliko yaliyopindishwa.

Zipo hata hivyo sauti zisizostahili kusubiriwa. Ya kwanza ni mkwaruzo au mvumo mzito unaoongezeka wiki baada ya wiki. Hiyo ni tabia ya beringi inayokufa. Ya pili ni mlio wa kukata, wenye kujirudia kwa mpango katika gia moja tu. Huo huashiria jino lililovunjika au kumeguka. Ya tatu ni pigo linalosikika pale gia, mara nyingi ya pili, inapochomoka yenyewe mwendeshaji anapovuta kasi. Katika giaboksi ya pikipiki, gia hushikana kwa vijino vya ubavuni, nazo husogezwa na vyuma vyenye umbo la uma. Vijino vikiviringika au uma ukipinda, gia haishikiki tena sawasawa. Kila inapochomoka huzidi kuviharibu vijino, na hakuna oili wala dawa ya chupa itakayovirudishia umbo lake.

Kabla ya kufikia uamuzi huo, ni wajibu kuutazama mnyororo. Mnyororo mkavu, au uliokaza upande mmoja na kulegea upande mwingine, hutoa mkwaruzo unaofanana mno na ule wa giaboksi. Gurudumu la nyuma liinuliwe, injini izimwe, kisha gurudumu lizungushwe kwa mkono. Mnyororo usiguswe kamwe injini ikiwa inaizungusha tairi. Wapo waliopoteza vidole kwa namna hiyo.

Oili nayo ni shahidi. Inapomwagwa, kizibo chenye sumaku huonyesha yaliyomo. Utando laini wa kijivu ni uchakavu wa kawaida. Vipande vinavyoshikika kwa vidole, au vyenye umbo la jino, vina maana ya kuizima mashine na kutoiwasha tena mpaka ifunguliwe. Oili ya kumimina badala yake iwe ya pikipiki. Mwaka 1998 Wajapani waliweka kipimo maalumu kiitwacho JASO kwa oili za pikipiki, na alama ya MA juu ya kopo humaanisha kwamba oili hiyo inafaa kwa klachi ya majimaji. Baadhi ya oili za magari zina viungo vya kupunguza msuguano, navyo huweza kuzifanya sahani ziteleze: injini hupandisha mlio, lakini mwendo hauongezeki. Somo hili linawahusu pia madereva wa bodaboda wa Afrika Mashariki, kwa sababu katika pikipiki zao nyingi injini, klachi na giaboksi hunywa oili moja.

Klachi kavu nayo, pamoja na kelele yake ya asili, haina kinga. Ikiwa mlio umekuwa mkubwa kuliko zamani, ikiwa nyutro haipatikani kwa urahisi, au ikiwa pikipiki inataka kwenda mbele ilhali mkono umebanwa, kifuniko kifunguliwe. Mifereji ya bakuli iliyochimbika na ndimi zilizotafunika ni alama kwamba muda wa kuvibadilisha umewadia. Oili ikionekana mahali hapo panapopaswa kuwa pakavu, sili imekufa.

Kwa nini basi mtu asijiambie kwamba, giaboksi ikikwama, ataubana mkono wa klachi na kujiokoa? Injini ikikwama, kweli klachi huweza kuliachilia gurudumu la nyuma likazunguka. Lakini giaboksi imekaa kati ya klachi na gurudumu. Jino lililovunjika likijipachika katikati ya gia mbili, gurudumu hufungwa, na kuubana mkono hakulifungui. Kwa mwendo wa kilomita 120 kwa saa, mpanda pikipiki hana nafasi ya kufikiri mara ya pili.

Kwa hiyo, mwenye pikipiki hana haja ya kuogopa kila mlio. Linalomfaa ni kuijua sauti ya mashine yake ikiwa nzima, ili mabadiliko yakianza ayatambue mapema, na anapokwenda kwa fundi aweze kumweleza si tu kwamba inalia, bali inalia lini. Maelezo hayo humwokolea fundi saa nyingi za kubahatisha, na mwenye mashine humwokolea fedha, na pengine maisha.