Embe Lililoanguka kwa Jirani

Wewe uliye jikoni, wewe uliye njiani kwenda sokoni, na wewe mgonjwa uliyelala kitandani, karibu tulitafakari Neno la Mungu pamoja. Kama unayo Biblia karibu, fungua Waraka wa Mtakatifu Paulo kwa Wagalatia, mlango wa 6, aya ya 1 mpaka ya 10.

Katika maneno hayo Mtume Paulo asema mambo mawili ambayo kwa haraka yaonekana kupingana. Katika aya ya 2 atuagiza tusaidiane kubeba mizigo. Kisha katika aya ya 5 asema kwamba kila mtu ana mzigo wake wa kubeba mwenyewe. Je, Paulo amejisahau? Hapana. Katika lugha ya Kiyunani ametumia maneno mawili mbalimbali. La kwanza ni uzito unaomlemea mtu hata magoti yakakunjika. La pili ni furushi la msafiri, lile ambalo kila mwenye safari hulitia begani mwake. Basi kuna mzigo wa kusaidiana, na kuna furushi la kila mtu. Mkristo hana budi kujua tofauti yake.

Jambo hili twaweza kulielewa vizuri kwa kutazama maembe. Ukienda Makueni, Machakos au Kitui kuanzia mwezi wa Desemba mpaka Machi, utaona jinsi Mungu alivyo mkarimu. Masoko yamejaa maembe, dodo na ngowe na aina nyingine, ndoo kwa ndoo. Lakini ukiingia mashambani utaona pia jambo la kusikitisha. Chini ya miti maembe yametapakaa, yameoza, na harufu yake yafika barabarani. Mengine yameanguka kwa kukosa mnunuzi. Mengi yameangushwa na mdudu mdogo sana, yaani nzi wa matunda.

Nzi wa matunda walikuwako kwetu tangu zamani. Lakini mwaka 2003 aligunduliwa nchini Kenya nzi mwingine, mkali zaidi, aliyetoka Asia. Nzi jike hutoboa ngozi ya embe linaloanza kuiva, akataga mayai ndani. Mayai huwa funza, na funza hula nyama ya embe mpaka likaanguka. Hapo wengi wetu hudhani kwamba mambo yamekwisha. Kumbe ndiyo kwanza yaanza! Funza hutoka katika embe lile bovu, huingia udongoni, na baada ya siku chache hutoka akiwa nzi kamili mwenye mabawa, tayari kutafuta embe lingine. Hasara yake si ndogo. Mwaka 2014 nchi yetu ilisimamisha kupeleka maembe Ulaya kwa sababu ya nzi hao, na ilikuwa mwaka 2021 ndipo yalipoanza kupelekwa tena.

Dawa yake ya kwanza haiuzwi dukani. Ni kuokota maembe yote yaliyoanguka, kila mara, na kuyafukia katika shimo lenye kina cha futi mbili hivi, ili nzi asiweze kutoka. Wataalamu wa ICIPE, taasisi ya wadudu iliyoanzishwa na Profesa Thomas Odhiambo jijini Nairobi mwaka 1970, wamewafundisha wakulima njia nyingine pia. Maembe mabovu hutiwa ndani ya hema dogo lenye wavu. Nzi hawezi kupenya wavu ule, lakini nyigu wadogo wanaoua funza wa nzi hupita na kwenda kufanya kazi yao shambani. Tazama hekima ya Muumba, aliyeweka adui wa adui yetu katika bustani ileile!

Sasa, ndugu msikilizaji, sikiliza kwa makini. Kufukia maembe yako ni furushi lako. Hapana mtu atakayekuja kukuokotea wakati wewe umekaa kivulini ukipiga soga. Lakini tuwafikirie wakulima wawili waliopakana. Mmoja huamka alfajiri, huokota, huchimba, hufukia. Mwenzake hafanyi hivyo. Je, yule mwenye bidii atapona? Hatapona. Nzi hajui mpaka wa shamba wala hasomi hati ya ardhi. Atazaliwa chini ya mwembe wa jirani na kuja kutaga katika embe la yule aliyejitahidi.

Hapo ndipo ugomvi huzaliwa. Mwenye bidii humwita mwenzake mvivu. Maneno hupelekwa na kurudishwa. Salamu hukatika, na watoto hukatazwa kupita njia ya mkato. Kisha Jumapili ya mavuno ifikapo, wote wawili huja kanisani na vikapu vya maembe mazuri, wakaviweka mbele ya madhabahu, mmoja upande huu na mwingine upande ule, bila kutazamana. Bwana wetu katika Mathayo mlango wa 5 alisema juu ya mtu wa namna hiyo. Sadaka na ingoje. Aende kwanza akapatane na ndugu yake.

Lakini kupatana kwa namna gani? Si kwa kupeana mkono tu mlangoni mwa kanisa. Uliza kwanza kwa nini maembe yale hayakuokotwa. Labda huyo jirani ni mama mjane ambaye mgongo haumruhusu kuinama. Labda ni mzee ambaye wanawe wote wako Nairobi na Mombasa. Labda aliwauzia madalali maembe yangali machanga mtini, kwa bei ya kutupa, kwa kuwa karo ya shule ilikuwa yadaiwa, na sasa amekata tamaa, haoni sababu ya kushika jembe. Huo si uvivu. Huo ni ule mzigo wa aya ya 2, uzito unaokunja magoti. Ukimhukumu, nzi wataendelea kuzaliwa. Ukienda na vijana wawili wa kanisa na majembe, mkachimba shimo moja alasiri moja, umelitimiza agizo la Mtume, na shamba lako pia limepona.

Ndivyo ilivyo sokoni vilevile. Muuzaji, furushi lako ni uaminifu. Usipange mazuri juu ya ndoo na kuficha mabovu chini. Usilibonyeze gorogoro ili lipime kidogo. Mambo ya Walawi 19, aya ya 35 na 36, yatuonyesha kwamba Mungu huangalia vipimo vyetu. Nawe mnunuzi, usimkandamize mama kwa sababu waona jua lakaribia kutua na ndoo yake ingali imejaa. Nunua mazao ya jirani katika majira yake, yakiwa mengi na yakiwa matamu. Msimu wa maembe ule maembe, na mvua ikinyesha ule kunde na managu. Na yale yanayozidi, akina mama wa kanisa wakikutana, wayakate vipande vyembamba na kuyakausha juani, yakiwa yamefunikwa vizuri, ili kilicho kingi leo kisaidie wakati wa uhaba. Bwana Yesu alipokwisha kuwalisha watu elfu tano aliamuru vipande vikusanywe, kisipotee kitu.

Wapenzi, Paulo amalizia kwa kutukumbusha kwamba kila mtu huvuna alichopanda, na kwamba tusichoke kutenda mema. Juma hili nakuomba ufanye mambo mawili. Kwanza, tazama chini ya mti wako mwenyewe. Pili, vuka mpaka uende kwa yule ambaye hamsalimiani, si kuhesabu maembe yake mabovu, bali kumwuliza, "Jirani, nikusaidie nini?" Huenda mavuno ya mwaka ujao yaanzia katika swali hilo.

Na tuombe. Ee Mungu Baba yetu, uliyeweka majira ya mvua na majira ya jua, twakushukuru kwa matunda ya nchi. Utupe nguvu za kubeba furushi letu bila kunung'unika, na macho ya kuuona mzigo wa jirani. Uwakumbuke wajane, wazee na wote waliouza mavuno yao kabla hayajaiva kwa sababu ya dhiki. Uyatakase masoko yetu na mizani yetu. Uondoe kinyongo kilicho kati ya shamba na shamba, ili tukija mezani pako tuje tukiwa na amani. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.