Matokeo ya Mitihani Yafike Vyuo vya Ualimu

(Haya ni maneno niliyoyasema kwenye kongamano la vijana wa chama. Nayaweka hapa kwa ambao hamkuwepo.)



Mimi nasoma sheria, ualimu sijasomea. Nimeombwa kuongelea elimu na nitasema jambo moja tu: nchi hii inakusanya takwimu nyingi za ufaulu wa wanafunzi, ila tunazitumia kama fimbo badala ya kumfundishia mwalimu mpya kazi.

Hebu tuanze na kilichopo. Watoto wanapimwa darasa la nne, darasa la saba, kidato cha pili, cha nne na cha sita. Baraza la Mitihani halitoi madaraja peke yake. Linatoa pia taarifa ya uchambuzi wa majibu ya watahiniwa kwa kila somo: swali kwa swali, wangapi walipata, wangapi walikosa, na waliokosa waliandika nini. Ziko kwenye tovuti yao, bure kabisa.

Lakini siku ya matokeo sisi tunagombania asilimia. Ufaulu umepanda, ufaulu umeshuka, basi, mpaka mwakani. Jamani, asilimia haimwambii mwalimu kesho asubuhi aandike nini ubaoni.

Chukueni mfano mdogo. Mpe mtoto 52 kutoa 18. Mmoja anaandika 46. Mwingine anaandika 44. Mwalimu anaweka mkasi kwa wote wawili na kusonga mbele. Ukitazama vizuri, wa kwanza ametoa namba ndogo kwenye kubwa kila safu: 8 toa 2, 5 toa 1. Huyo hajaelewa kukopa. Wa pili amekopa vizuri, 12 toa 8 akapata 4, ila amesahau kwamba ile 5 imebaki 4. Makosa mawili, dawa mbili. Sasa mwanachuo aliyeko Butimba au Korogwe akizoea kusoma makosa ya namna hii kabla hajaajiriwa, ataingia darasani akijua anatafuta nini. Asipozoea, atajifunzia kwa watoto wetu, na wao ndio watalipa.

Na bei yake tunaijua. Matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2012 yalipotoka Februari 2013, watahiniwa wapatao asilimia 60 walipata sifuri. Nchi ililia, tume ikaundwa, matokeo yakafutwa na kupangwa upya. Hisabati mpaka leo wengi mno wanaanguka. Hao ni wadogo zetu, na wengine ni sisi wenyewe tuliokaa humu.

Mtu ataniuliza: kamanda, si walimu wataonewa kwa takwimu hizo? Swali zuri, kwa sababu imeshatokea. Februari 2009 Mkuu wa Wilaya ya Bukoba aliamuru walimu wa shule za msingi wachapwe viboko kwa sababu ya matokeo mabaya. Walimu, watu wazima, wakachapwa! Rais Kikwete alimwondoa kazini, lakini tabia ya kumtafuta wa kumchapa haikuondoka naye. Mwalimu wa darasa la watoto 120 huwezi kumlinganisha na wa watoto 35 kwa asilimia moja kavu.

Pia tukumbuke mwaka 2018 Sheria ya Takwimu ilibadilishwa ikawa kosa kutoa takwimu zinazopingana na za serikali. Kelele zikapigwa ndani na nje, na mwaka 2019 kifungu kile kikalegezwa. Ndiyo maana nasema takwimu ni suala letu la kisiasa. Nchi inayoogopa namba haiwezi kufundisha walimu wake kuzisoma.

Kwa hiyo tudai mambo matatu. La kwanza, taarifa za uchambuzi wa majibu ziwe sehemu ya mtaala wa vyuo vya ualimu, zifundishwe na zitahiniwe. La pili, mwanachuo anapokwenda mazoezi ya kufundisha, apewe kazi za darasa lake, achambue makosa kwanza ndipo aandike andalio la somo. Majina ya watoto yafichwe, maana tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. La tatu, iandikwe kwenye kanuni kwamba uchambuzi huo ni wa kujifunzia, hautatumika kumshusha cheo wala kumhamisha mwalimu.

Na wewe unayesoma hapa usisubiri tuingie Ikulu. Ibara ya 18 ya Katiba inakupa haki ya kupata taarifa. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016 inakupa njia: andika ombi, na ofisi inatakiwa ikujibu ndani ya siku 30. Iulize halmashauri yako: walimu wapya mliowapokea wameonyeshwa watoto wa hapa wanakwama wapi? Wakijibu, tujadili. Wasipojibu, tuna hoja ya kupeleka kwenye kikao cha madiwani.

Pakua taarifa moja ya Hisabati wiki hii. Mpelekee mwalimu wa kata yako, kaeni muisome pamoja. Siasa ya elimu ianzie hapo.