Dakika kumi na tano za vumbi

Katika kiwanda cha kusaga mchanga, vumbi linaloonekana likicheza katika mwale wa jua silo la kuogopwa zaidi. Chembe za hatari hasa ni zile ndogo kuliko sehemu moja ya mia ya milimita. Hizo hupenya hadi ndani kabisa ya mapafu na, zikiwa za silika, huacha makovu yasiyofutika. Ugonjwa huo huitwa silikosisi, nao hauna tiba.

Kwa muda mrefu kipimo kilichotegemewa kimekuwa pampu ndogo iliyofungwa kiunoni mwa mfanyakazi, ikivuta hewa kupitia chujio lililo karibu na ukosi wa shati lake. Zamu ikiisha, chujio hupelekwa maabara. Jibu hurejea baadaye, nalo ni tarakimu moja tu: wastani wa siku nzima. Nchini Marekani, kanuni ya viwanda ya mwaka 2016 iliweka kikomo cha miligramu 0.05 za silika katika kila mita ya ujazo ya hewa, kwa wastani wa saa 8.

Wastani huo huficha mengi. Chukua mfano wa mtu anayevuta hewa yenye miligramu 0.02 kwa dakika 465, kisha kwa dakika 15 tu akawa penye miligramu 1. Amevuka kikomo, na zaidi ya nusu ya silika aliyoivuta ni ya dakika hizo 15. Ni zipi? Chujio halisemi. Meneja huulaumu mtambo wenye kelele kubwa, hununua feni, na kipimo kinachofuata hakibadiliki.

Watafiti wa Marekani walilitambua tatizo hili tangu miaka ya 1980. Waligundua kwamba mtu aliweza kuvuta vumbi la mwenzake anayefagia ghorofa ya juu, au la malori yanayopakiwa nje, likivutwa ndani na feni za kiwanda chenyewe. Baadaye taasisi ya NIOSH, inayochunguza afya za wafanyakazi, ilioanisha vyombo viwili: kamera ndogo kwenye kofia ngumu, na kifaa kinachopima vumbi papo hapo kwa mwanga. Programu ya kompyuta iliyotolewa mwaka 2014 huonyesha picha na mchoro wa vumbi sambamba. Mchoro unapopanda ghafla, mtazamaji huona mkono ulikuwa unafanya nini.

Mara nyingi jibu hushangaza. Ni ovaroli iliyojaa vumbi, inayotifuka kila mvaaji anapoinama. Ni kiti cha kitambaa ndani ya kabini ya mtambo, mahali palipodhaniwa kuwa salama kuliko pote. Dawa yake ni nyepesi: kiti kivikwe ngozi ya plastiki, na nguo zisafishwe kwa hewa ya kompresa ndani ya kibanda maalumu chenye feni ya kutoa vumbi, kazi isiyofika nusu dakika. Kujipuliza ovyo ukumbini humtwisha jirani mzigo.

Kifaa cha mwanga hakitofautishi silika na ukungu wa maji, hivyo chujio bado lahitajika. Aidha kamera hiyo yaweza kugeuzwa jasusi wa mwajiri. Kwa hiyo ni vyema mvaaji awe wa kwanza kuitazama picha yake. Ndiye ajuaye kwa nini aliinama pale.